Chokaa ya Koru

Ilianzia kwenye kalamu.
Baba, karani wa mizani pale tanuri la Koru,
aliyeandika uzito wa kila lori
kwa mwandiko ulionyooka kama matuta ya miwa,
akaanza kutoa sita zilizolala chali
na nane zisizofunga, kama vifungo vya shati kuukuu.
Machi, lori moja likatoka na tani ambazo hazikuwepo.
Wakamwita ofisini. Wakamnusa mdomo.

Baba, ambaye hata divai ya kanisani aliigusa tu kwa ulimi.

Kisha miguu. Alikuwa akikatiza uani
kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe,
mawe ambayo sisi wengine hatukuyaona.
Kisha hasira: sahani ya omena ukutani,
Mama akiinama kuokota, naye Baba akiuliza kwa upole
ni nani aliyemwaga.

Shangazi Aduke alisema ni watu. Hakusema watu gani.
Mchungaji alisema pepo, akauza mafuta, mia tano kichupa.
Wapakiaji wa tanurini walisema ni vumbi:
miaka ishirini na sita ukivuta unga mweupe,
utakwenda wapi kama si kichwani?
Hilo ndilo nililoliamini mimi.
Mimi ndiye niliyefua mashati yale.
Najua jinsi maji yalivyogeuka maziwa, jinsi vidole vilivyochubuka.

Tukauza mtamba. Tukateremka Kisumu.
Mashine ilimmeza Baba hadi mabega, ikamtema,
na Daktari Nafuna akatugeuzia kioo:
fuvu, usiku mtupu ndani yake,
na katikati, kushoto na kulia, sawa kwa sawa,
weupe mara mbili,
kama mtu aliyechovya viganja kwenye gunia
akaviegemeza kwenye ukuta wa giza.

"Kalsiamu," akasema. Kisha, kwa kutuonea huruma, "chokaa."

Mama akapiga paja: Si mmesikia! Kampuni italipa!
"Hapana, mama. Hii haikupitia puani.
Mwili wake wenyewe ndio unaoiweka, chembe kwa chembe.
Hata angeuza nyanya Kibuye maisha yake yote, ingemkuta."
Ugonjwa una jina la mgeni, herufi nne.
Baba akaomba kalamu alinakili.
Tukangoja, kama malori yalivyomngoja zamani.
"Inatoka?"
Haitoki. Ziko tembe za mtetemeko, ziko za hasira.
Baba akafikiri, akauliza swali lake, la kazi:
"Ina uzito gani?"
Daktari hakujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Naye akauliza lake: "Na mzee wako, alikuwaje?"

Babu Randiki.
Aliyefungwa kamba kwenye nguzo ya ghala
misimu miwili ya mavuno, akitetemeka, akiitukana mvua.
Aliyezikwa kando ya ua, haraka, bila wimbo.
Ambaye hakukanyaga tanurini hata siku moja.

Mama akafunika uso kwa leso.
Kaka yangu Obura akatia mikono mfukoni,
na hadi leo akiongea nami haitoi.
Yangu mimi niliiweka mezani, niitazame.

Jumamosi wapakiaji walituletea nusu gunia, bure.
Tukaikoroga kwenye karai, tukaenda kupaka kaburi la Babu.
Baba alitaka brashi, tukampa.
Mkono ukaruka huku na huko,
chokaa ikashika majani, viatu, shavu langu.
Hakuna aliyemwambia anyooshe.
Kaburi si daftari.

Alipochoka akaketi chini, akatazama kilichobaki kwenye karai.
"Kilo tatu na robo," akasema,
na sikuona sababu ya kupima.